Le Bihan: Jamaa aliyeyafanya maji ya kichwani yaseme

Na Mwandishi Wetu

WATU wa mjini tunapenda sana kuambiana "tumia bongo". Hata jiji la Dar tumelibatiza jina hilo hilo, Bongo, kwa sababu bila kichwa kufanya kazi hapakaliki. Lakini hebu mshike mtu yeyote pale kijiweni umuulize: hiyo bongo yenyewe imejaa nini? Mmoja atakwambia akili. Mwingine atasema mishipa. Mwenye utani atamnyooshea kidole jirani yake na kusema, ya huyu imejaa pumba.

Jibu la kweli wala halina mbwembwe. Sehemu kubwa ya ubongo wako ni maji. Ukiuweka kwenye mizani, zaidi ya robo tatu ya uzito wake ni maji tu, haya haya ya kawaida.

Kwa miaka mingi hakuna aliyeona kwamba maji hayo yana la kusema. Kilichotafutwa ni uvimbe, damu iliyovuja, mfupa uliovunjika. Maji yalikuwa maji. Mpaka alipotokea kijana mmoja wa Kifaransa, hata miaka 30 hajafikisha, akajiuliza swali ambalo ukilisikia unaweza kucheka: je, maji ya kichwani yanatembeaje?

Swali hilo leo linaokoa watu. Kijana huyo anaitwa Denis Le Bihan, na kisa chake si cha kukosa.

DAKTARI ANAYESOMA FIZIKIA

Le Bihan alizaliwa Ufaransa mwaka 1957. Alipokuwa kijana alifanya jambo ambalo wengi wetu tungeona ni kujitafutia ugonjwa wa moyo: alisomea udaktari na fizikia kwa wakati mmoja. Mchana hospitalini, akijifunza kusoma picha za ndani ya mwili. Muda mwingine kwenye hesabu za sumaku na mawimbi.

Mwaka 1984 mashine za MRI zilikuwa bado ngeni. Kwa wasiozijua, MRI ni ile mashine kama bomba kubwa, mgonjwa analazwa anaingizwa ndani, inapiga kelele kama fundi bati, halafu inatoa picha ya ndani ya mwili bila kisu wala eksirei. Siri yake ni sumaku kali. Sumaku hiyo inazishika chembe za haidrojeni zilizomo mwilini, na nyingi kati ya hizo zimo kwenye maji. Mashine inazigusa kwa mawimbi ya redio, zenyewe zinajibu, na majibu hayo kompyuta inayageuza kuwa picha. Waliofungua njia hiyo katika miaka ya 1970, Paul Lauterbur wa Marekani na Peter Mansfield wa Uingereza, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2003.

Sasa mwaka huo wa 1984 Le Bihan akatupiwa swali. Kwenye ini la mgonjwa kunaonekana kitu. Je, MRI inaweza kusema kama kitu hicho ni uvimbe mbaya, au ni fundo tu la mishipa ya damu lisilo na madhara? Kwenye picha za kawaida vinaweza kufanana kama mapacha. Lakini kwa mgonjwa tofauti yake ni kubwa: mmoja anaandaliwa kwa kisu, mwingine anaambiwa nenda nyumbani ukale.

Le Bihan akapiga bongo. Uvimbe, alifikiri, umebanana. Chembe zimesongamana kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni. Maji ndani yake hayana pa kwenda. Lakini kwenye fundo la mishipa, damu inatembea. Basi ukiweza kupima mwendo wa maji, umemjua nani ni nani.

MLEVI WA EINSTEIN

Hapa msomaji inabidi tuelewane kidogo. Mwendo gani huo?

Chukua glasi ya maji, iache mezani. Unaona imetulia tuli. Uongo mtupu! Ndani yake kila molekuli inagongwa na wenzake bila kupumzika, inasukumwa huku, inarudishwa kule. Mwaka 1827 Robert Brown aliona chembe ndogo zilizotoka kwenye chavua ya maua zikicheza ndani ya maji bila kuguswa na mtu. Mwaka 1905 Albert Einstein akaja na hesabu zake, akaonyesha kwamba chembe hizo zinapigwa kikumbo na molekuli za maji, na kwamba unaweza kukadiria zitakuwa zimefika umbali gani baada ya muda fulani.

Mfikirie mlevi aliyetoka baa usiku. Hatua moja kushoto, mbili kulia, moja nyuma. Hajui aendako. Lakini ukimpa muda, atakuwa amesogea umbali fulani kutoka mlangoni pa baa. Ukimwacha kwenye uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja, atafika mbali. Ukimwacha kwenye vichochoro vya Kariakoo siku ya gulio, atagonga meza za wamachinga, atagonga kuta, na baada ya muda ule ule utamkuta bado yuko karibu na pale pale.

Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Humwoni mlevi, wala huzioni kuta. Lakini ukijua amefika wapi, unajua mtaa wake ukoje.

Kwenye ubongo, mlevi wetu ni molekuli ya maji. Katika sehemu 50 za sekunde iliyogawanywa mara elfu moja, inasogea kiasi cha maikroni 10 hivi. Maikroni moja ni milimita moja uliyoigawa vipande elfu moja. Yangekuwa maji matupu yenye joto la mwili, yangesogea maikroni kama 17. Tofauti hiyo ndiyo habari yenyewe: maji yanagonga kuta za chembe hai, yanakwama, yanazunguka. Na maikroni 10 ni ukubwa unaokaribiana na chembe zenyewe. Kwa hiyo maji yanapitapita mle ambamo mashine haiwezi kuona, kisha yanarudi na taarifa.

GWARIDE LA SHULENI

Utapimaje mwendo mdogo namna hiyo? Wataalamu wawili, Stejskal na Tanner, walikuwa wameonyesha njia tangu mwaka 1965, ila wao walifanya kwenye vichupa vya maabara. Le Bihan akataka kuipeleka kwa mtu mzima mwenye pumzi zake.

Njia yenyewe ni kama gwaride la shule. Wanafunzi wamepangwa mstarini, wote wanatazama mbele. Mwalimu wa zamu anapiga filimbi: kila mmoja ageuke kulia kidogo kulingana na namba ya mahali aliposimama. Wa namba moja anageuka kidogo, wa namba kumi anageuka sana. Mwalimu anasubiri. Anapiga filimbi ya pili: sasa kila mmoja ageuke kushoto kulingana na namba ya mahali alipo sasa hivi.

Waliotulia wote watarudi kutazama mbele sawasawa. Lakini watundu waliohama mahali wakati mwalimu anasubiri, namba zao zimebadilika. Hao watabaki wanatazama hovyo hovyo. Ukiangalia mstari umeharibika kiasi gani, unajua wanafunzi walitembea kiasi gani.

Filimbi hizo mbili kwenye MRI ni mipigo miwili ya sumaku ya ziada. Maji yaliyotembea sana yanapoteza sauti, na picha pale inafifia. Maji yaliyokwama yanabaki na sauti yake, na picha pale inang'aa. Shika hilo, litakusaidia mbele.

INI LAMCHEMSHA

Basi mshikaji akaingia kazini na ini. Akachemsha!

Na alichemsha vibaya. Ini liko chini ya mapafu. Mtu akipumua, ini linapanda na kushuka. Wewe unatafuta mwendo wa maikroni 10, wakati kiungo chenyewe kinasogea kwa sentimita. Ni sawa na kutaka kuhesabu sisimizi juu ya paa la basi la mkoani likiwa kwenye makorogesho. Na mashine za wakati ule zilikuwa polepole, picha moja inakula dakika kadhaa.

Wengi hapo wangekunja jamvi. Wazo limekufa, tafuta jingine. Le Bihan akafikiri tofauti. Kama tatizo ni kiungo kisichotulia, si nitafute kinachotulia? Na mwilini ni kipi kimetulia kuliko ubongo, umefungiwa ndani ya sanduku la mfupa?

Akajilaza mwenyewe kwenye mashine. Akapiga picha ubongo wake, na wa wenzake kadhaa, kabla ya kumgusa mgonjwa yeyote. Safari hii ikakubali. Mwaka 1985 picha za kwanza za namna hiyo za ubongo wa watu wazima wenye afya zikaonyeshwa kwenye mkutano wa wataalamu jijini London. Novemba mwaka huo huo, zile za wagonjwa zikaonyeshwa Chicago. Mwaka 1986 kazi ikachapishwa kwenye jarida kubwa la madaktari wa picha, Radiology.

Tusidanganyane, dunia haikusimama kumpigia makofi. Picha zilikuwa na ukungu. Mgonjwa akitikisa kichwa kidogo tu, kazi yote imeharibika. Na swali la watu wa hospitali lilikuwa lile lile la siku zote: sawa, tumeona, sasa linatusaidia nini?

PAKA WATOA JIBU

Mwaka 1987 Le Bihan akavuka bahari kwenda kwenye taasisi ya taifa ya afya ya Marekani, kule Bethesda, Maryland. Akakaa huko mpaka mwaka 1994. Huko alifanya kazi na Mwingereza Robert Turner, aliyetoka kwenye maabara ya yule Mansfield wa Nobel. Turner alikuja na ujuzi wa kupiga picha nzima kwa kufumba na kufumbua. Mwaka 1990 wakaonyesha kwamba kasi hiyo inafaa kwa kazi ya mwendo wa maji. Tatizo la kutikisika likapungua sana.

Mwaka huo huo likatokea jambo lililobadilisha kila kitu, na halikufanywa na Le Bihan. Kule San Francisco, Michael Moseley na wenzake waliziba mshipa wa damu kwenye ubongo wa paka, yaani walimtengenezea kiharusi, kisha wakatumia njia hii ya maji kumpiga picha. Picha za kawaida za MRI zilikuwa bado hazionyeshi kitu. Za maji zilikuwa zinawaka kama taa, ndani ya muda mfupi tu tangu mshipa kuzibwa.

Kwa nini? Chembe za ubongo zikikosa damu, zinakosa nguvu ya kusukuma chumvi nje. Chumvi inaingia, maji yanaifuata, chembe zinavimba. Zikivimba, vichochoro baina yake vinazibana. Mlevi wetu anakwama. Maji yaliyokwama, kama tulivyosema, yanang'aa.

Msomaji, usilichukulie hili kimzaha. Mtu aliyepatwa na kiharusi cha kuziba mshipa akipelekwa kwenye ile mashine nyingine ya picha, siti-skani, saa za mwanzo picha yake inaweza kuonekana safi kabisa, huku ubongo unakufa. Na unakufa kwa kasi. Mwaka 2006 daktari Jeffrey Saver wa Los Angeles alipiga hesabu, akapata kwamba katika kiharusi kikubwa cha namna hiyo, kila dakika inayopita bila matibabu chembe milioni 1.9 za fahamu zinakwenda na maji. Kwa kila dakika! Wewe unasubiri teksi, jamaa anapoteza milioni.

SAA ILIYOMO NDANI YA MAJI

Mwaka 1995 Wamarekani walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda na kuziba mshipa, ila itolewe ndani ya saa tatu tangu kiharusi kianze. Baadaye, mwaka 2008, utafiti mwingine ukasogeza mpaka saa nne na nusu. Ukichelewa, dawa hiyo hiyo inaweza kuvujisha damu kichwani na kukumaliza.

Sasa kuna watu wanalala wazima, wanaamka mkono haunyanyuki. Kiharusi kilianza saa ngapi? Hakuna ajuaye. Huenda ni saa nne usiku, huenda ni alfajiri. Kwa miaka mingi watu hao walinyimwa dawa kwa sababu tu walikuwa usingizini.

Maji yakawa saa. Picha ya mwendo wa maji inawaka mapema. Picha nyingine ya MRI, ya namna tofauti, inachelewa kwa saa kadhaa kuonyesha doa hilo hilo. Basi kama ya kwanza inawaka na ya pili bado, maana yake kiharusi ni kibichi, dawa inaweza kutolewa. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2018 ulijaribu njia hiyo kwa wagonjwa 503. Waliopewa dawa, asilimia 53.3 walikuwa na hali nzuri baada ya siku 90. Waliopewa dawa bandia, asilimia 41.8. Tofauti hiyo ni watu waliorudi kufunga vifungo vya shati zao wenyewe.

Haya yote yalianza na kijana aliyechemsha kwenye ini.

FAGIO LA CHELEWA

Kama ungekuwa wewe, si ungeridhika? Le Bihan hakuridhika. Kulikuwa na kitu kwenye zile picha kilichokuwa kinawasumbua wote: sehemu nyeupe ya ubongo ilikuwa inabadilika rangi kila walipobadilisha upande wa kupimia. Pima kwa upande huu, inang'aa. Pima kwa upande ule, inafifia.

Jibu liko nyumbani kwako. Chukua fagio la chelewa, limwagie maji. Maji yanateleza vizuri kufuata urefu wa vijiti. Kuvuka kutoka kijiti hadi kijiti, taabu. Sehemu nyeupe ya ubongo ndivyo ilivyo: ni mafungu ya nyuzi ndefu zinazounganisha eneo moja na lingine, na nyuzi hizo zimevikwa koti la mafuta. Mlevi wetu safari hii yuko kwenye korido ndefu, anaweza kuyumba apendavyo lakini ataishia kufuata korido.

Mwaka 1994 Peter Basser, mhandisi, pamoja na James Mattiello na Le Bihan, wakatoa hesabu ya kulimaliza suala hilo. Pima mwendo wa maji kwa pande zisizopungua sita, kisha kompyuta itakwambia katika kila nukta ya ubongo korido imeelekea wapi. Mwisho wa miaka ya 1990 watafiti wengine wakaanza kuunganisha nukta hizo moja baada ya moja, na hapo ndipo zilipozaliwa zile picha za ubongo zenye nyuzi za rangi rangi kama nywele za mwanamitindo. Nyekundu ni nyuzi za kushoto na kulia, kijani za mbele na nyuma, bluu za juu na chini. Bomba kweli kweli.

Na si za kubandika ukutani tu. Daktari wa upasuaji akitaka kutoa uvimbe, anataka kujua kama nyuzi za kuendesha mkono zimesukumwa pembeni au zinapita katikati. Akikata pasipo, mgonjwa anaamka bila uvimbe na bila mkono.

Ila hapa kuna kuzugwa, na ni vizuri ukajua. Mistari ile ya rangi si nyuzi zenyewe. Ni makadirio ya kompyuta kutokana na mwendo wa maji. Njia mbili zikikatiza, kompyuta inaweza kukosea kona kama dereva mgeni. Mwaka 2017 ulichapishwa mtihani mkubwa ambamo makundi 20 ya watafiti yalipewa ubongo wa kutengeneza ambao majibu yake yalikuwa yanajulikana. Mafungu ya kweli waliyapata mengi, karibu asilimia 90. Lakini ya uongo waliyochora yalikuwa mengi kuliko ya kweli. Kwa hiyo ukiona picha hiyo gazetini imeandikwa "hii ndiyo mitambo ya mapenzi", cheka ufungue ukurasa mwingine.

ZOGO LA 2006

Usidhani jamaa ni malaika asiyepingwa. Mwaka 2006, akishirikiana na wenzake wa Kyoto, Japani, alitoa madai mazito. Alisema mtu akitumia sehemu ya ubongo, kwa mfano akitazama taa zinazomweka, maji ya sehemu hiyo yanapunguza mwendo, tena mapema kabla damu haijaongezeka pale.

Kwa nini ni madai mazito? Kwa sababu picha za kawaida za ubongo ukifikiri hazioni fikra. Zinaona damu inayoifuata fikra ikiwa imechelewa kwa sekunde kadhaa. Ni kama kujua kwamba kuna ugomvi mtaani kwa kuwaona polisi wanafika. Le Bihan alikuwa anasema ameuona ugomvi wenyewe.

Mwaka uliofuata, 2007, kundi la watafiti wa Oxford likajibu: hapana bwana, hicho ulichokiona bado kina mkono wa damu ndani yake. Tangu hapo kila upande umetoa majaribio yake. Le Bihan hakurudi nyuma, na wapinzani wake nao hawakulegea. Ndivyo sayansi inavyokwenda. Hata bingwa akileta mpya, anaambiwa lete ushahidi.

SUMAKU YA TANI 132

Aliporudi kwao Ufaransa, Le Bihan alikuwa na ndoto nyingine, na hii ilihitaji mkwanja wa serikali. Picha za MRI za hospitali zinatumia sumaku ya Tesla 1.5 au 3. Yeye alitaka Tesla 11.7. Hiyo ni zaidi ya mara 200,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia hii inayoendesha dira. Mwaka 2007 kituo alichokianzisha, NeuroSpin, kikafunguliwa Saclay, kusini mwa Paris, na sumaku hiyo ikapewa jina la kike, Iseult.

Wangojeaji walingoja. Waya wake una urefu wa kilomita 182, kama kutoka Dar hadi unaikaribia Morogoro. Ndani yake zinakaa lita 7,500 za heliamu ya kimiminika, baridi ya nyuzi 271 chini ya sifuri. Uzito tani 132. Ilitengenezwa Belfort, mashariki mwa Ufaransa, na ilipofika Saclay mwaka 2017 ilikuwa imesafirishwa kwa maji na kwa barabara. Mwaka 2019 ikafikia nguvu yake kamili.

Halafu wa kwanza kupigwa picha akawa nani? Boga! Ndiyo, boga lile lile la kupika na nazi. Mwaka 2021 walitoa picha za boga, maana lina nyuzi, mbegu na maji, na likiharibika hakuna atakayelilia.

Watu wakafuata. Aprili 2024 picha za kwanza za binadamu zikatangazwa, kutoka kwa watu 20 wenye afya waliojitolea, na kazi hiyo ilikuwa ikiongozwa na Nicolas Boulant. Ndani ya dakika nne tu mashine ilitoa picha zenye vinukta vya milimita 0.2 kwa 0.2, unene milimita moja. Kinukta kimoja kina chembe za fahamu elfu kadhaa. Nia ni kuona mabadiliko madogo ya magonjwa kama kupoteza kumbukumbu uzeeni na Parkinson mapema. Hata hivyo, usitegemee kuikuta wilayani. Hiyo ni mashine ya utafiti, yanayojifunzwa pale ndiyo yatakayoteremka kwenye mashine za kawaida.

INI LAKUBALI YAISHE

Le Bihan amepata tuzo nyingi, ikiwemo Tuzo ya Honda ya Japani mwaka 2012. Lakini pengine heshima kubwa ni hii: lile ini lililomshinda mwaka 1984 limekubali yaishe. Mashine zilipopata kasi, njia yake ikarudi mwilini. Leo picha za mwendo wa maji zinatumika kuchunguza uvimbe wa ini, wa matiti, na hasa wa tezi dume. Wazo lilikuwa sahihi siku ya kwanza. Mashine ndiyo ilikuwa bado.

Kwa hiyo kijana mwenzangu, siku wazo lako likigoma, kabla hujalitupa jiulize: limekosea wazo, au nimeligonga mahali pasipotulia?

Na lingine, hili ni la uhai. Ukimwona mzee wako, au hata rafiki wa rika lako, ghafla uso umepinda upande mmoja, mkono mmoja haunyanyuki, maneno yanatoka kama ya mlevi na hajanywa, usianze longolongo za nani kamroga. Usimpe chai, usisubiri asubuhi. Angalia saa, ikumbuke, daktari ataiuliza. Kisha tafuta gari mara moja mwende hospitali. Maji ya kichwani mwake yanakuwa yameshaanza kukwama, na kila dakika ina bei yake.

Kazi kwako.